Mwenye Karatasi na Mwenye Maneno: Umilikaji wa Matini za Kiswahili katika Utafiti wa Ushirikiano

Utangulizi

Makala haya yanahusu ukurasa mmoja ambao wahakiki wengi wa fasihi huupitia haraka haraka wanapoandaa maombi ya fedha za utafiti wa ushirikiano. Ni ule ukurasa unaomtaka mwombaji aeleze jinsi haki za ubunifu zitakavyosimamiwa: ni nani atakayemiliki kitakachopatikana, ni nani atakayeruhusiwa kukichapisha, na kila mshirika anaingia katika mradi na mali gani iliyokuwa yake tangu hapo. Aghalabu ukurasa huu huachiwa ofisi ya utafiti ya chuo, au huachiwa mshirika wa ng'ambo aliyekwisha kuzoea fomu za aina hiyo. Dhana iliyopo ni kwamba hayo ni mambo ya watu wa maabara, wenye dawa na mitambo ya kuombea hataza, na kwamba sisi wenye tenzi, ngano na mashairi hatuna cha kusajili.

Dai letu ni kwamba dhana hiyo haikubaliani na historia ya taaluma yetu wenyewe. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ulizaliwa katika utafiti wa ushirikiano. Tangu miaka ya 1880 matini tunazozisoma zimepatikana kwa mikono ya watu wawili au zaidi, mmoja akiwa na maneno na mwingine akiwa na karatasi, nauli na mchapishaji. Kila mara palikuwapo mpango wa umilikaji, ingawa haukuandikwa. Kwa kuwa haukuandikwa, ulifuata kanuni moja sahili: aliyegharimia karatasi ndiye aliyeondoka na matini. Tutaitazama historia hiyo kwanza, kisha tuurudie ukurasa wenyewe na kuuliza mhakiki wa leo ataujaza vipi.

Tamati na Wakfu

Yafaa tuanze kabla ya karatasi za wageni, kwa sababu yapo maelezo yanayotolewa mara kwa mara kwamba washairi wa pwani hawakuwa na fikra ya umilikaji wa kazi za sanaa, na kwamba utungo ulikuwa mali ya wote. Maelezo haya yana ukweli nusu. Hapana shaka kwamba mtunzi wa Mombasa au wa Pate hakumkataza mtu kunakili utenzi wake. Kunakiliwa kulikuwa ndiko kuishi kwa utenzi. Lakini mtu anayezisoma beti za mwisho za tenzi ataona jambo jingine. Katika sehemu ile tunayoiita tamati, mtunzi hujitaja jina, mara nyingi pamoja na jina la baba na ukoo, hutaja tarehe kwa mwaka wa Hijria, na si mara moja hutaja idadi ya beti alizotunga. Idadi hiyo si pambo. Ni ulinzi: atakayepunguza au kuongeza atajulikana. Katika miswada mingi, baada ya mtunzi huja katibu, yaani mnakili, naye hujitaja mahali pake bila kujifanya mtunzi.

Kwa hiyo tamati inatofautisha mambo ambayo sheria ya kisasa nayo inayatofautisha. Haki ya kunakili imeachwa wazi. Haki ya kutajwa na haki ya kazi kutoharibiwa zimehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa, na kazi ya kutunga imetengwa na kazi ya kuandika. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, katika kifungu cha 32, inampa mtunzi haki hizo mbili, ya kutajwa na ya kupinga kupotoshwa kwa kazi yake, hata pale ambapo haki za kiuchumi zimekwisha kuhamia kwa mwingine. Mshairi wa karne ya kumi na tisa asingeshangazwa na kifungu hicho. Huenda angeshangazwa zaidi na vifungu vilivyosalia.

Lipo pia suala la wakfu, ambalo kwa maoni yetu halijapewa nafasi yake katika mijadala ya miswada. Vitabu na hati nyingi katika misikiti na madarasa ya pwani viliwekwa wakfu, na maandishi ya kuthibitisha hivyo huonekana ndani ya vitabu vyenyewe. Kitu kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Anayekishika ni msimamizi tu kwa manufaa ya wanaokisoma. Fomu ya mfadhili inapouliza "mmiliki ni nani?", hati ya wakfu haina jibu linaloweza kuingia katika kisanduku kile. Mtafiti mwenye haraka ataandika jina la msikiti, au la imamu, au la familia, na kwa kuandika hivyo atakuwa amempa mtu mamlaka ya kutoa kibali ambacho kisheria na kidini hana.

Karatasi za Mombasa, Lamu na Berlin

William Taylor, mmishonari Mwingereza, alifika Afrika Mashariki mnamo 1880, na akaishi Mombasa katika kipindi ambacho mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840 hivi, yalikuwa bado yakihifadhiwa vifuani mwa wazee. Kazi ya kuyakusanya haikufanywa na Taylor peke yake. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mshairi na mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mnamo 1890, ndiye aliyeyatafuta kwa waliokuwa wakiyajua na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Taylor aliyahamishia katika hati za Kirumi na kuyawekea maelezo kwa msaada wa wenyeji wengine. Huu ni ushirikiano wa utafiti kwa maana kamili ya neno: yupo mtaalamu wa uwanjani, yupo mhariri, wapo washauri wa lugha.

Karatasi hizo leo ziko London, katika maktaba ya SOAS. Mnamo 1940 William Hichens aliitoa Diwani ya Muyaka kutokana nazo, ikachapishwa Johannesburg na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Tazama safari yenyewe: maneno ya Mombasa, mkono wa Mwalimu Sikujua, kabati la London, mtambo wa chapa wa Johannesburg. Jina la Hichens liko katika anwani ya kitabu kuwa ndiye aliyezihadithia habari za maisha ya mshairi. Mohamed Hassan Abdulaziz alipokitoa kitabu chake kikubwa juu ya Muyaka mnamo 1979, hati za Taylor zilikuwa miongoni mwa misingi ya utafiti wake. Msomi mzaliwa wa Mombasa, akimwandikia mshairi wa Mombasa, alizihitaji karatasi za London.

Ni muhimu tusichanganye mambo hapa. Muyaka alikufa zamani mno hata asiwe na hakimiliki ya kudaiwa, na maktaba inayozihifadhi karatasi hizo haidai kuyamiliki mashairi yake. Kilichoamua ni nani atakayesoma na kwa gharama gani ni umiliki wa karatasi, wala si hakimiliki. Mambo haya mawili hutembea mbalimbali. Sheria ya Uingereza ya 1988 ina masharti ya mpito yanayoziacha kazi nyingi zisizochapishwa chini ya hakimiliki hadi mwisho wa 2039, hata kama waandishi wake walikwisha kufa siku nyingi. Barua ambayo Taylor hakuichapisha, naye alifariki mnamo 1927, ingali na ulinzi huo nchini Uingereza. Ikipimwa kwa kanuni ya Kenya ya miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, ulinzi wake ungekuwa umekwisha mwishoni mwa 1977. Daftari moja, basi, laweza kuwa huru Mombasa na kufungwa London, ilhali lenyewe liko London. Mradi unaokusudia kuchapisha madaftari kama hayo hauna budi kulijua hilo kabla ya kuahidi chochote.

Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mnamo 1945, anatupa sura nyingine ya jambo hili. Alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri mno, mchongaji na mwanamuziki. Mnamo 1913 alitunga utenzi juu ya Fumo Liyongo, na kwa miongo kadhaa aliwaandikia nakala za tenzi wataalamu wa Ulaya: Alice Werner, Hichens, na Ernst Dammann aliyefika Lamu katika miaka ya 1930. Kazi hii alilipwa. Si rahisi kuieleza nafasi yake kwa neno moja. Pengine alikuwa mnakili, pengine mhariri aliyechagua lahaja na mpangilio, pengine mtunzi kamili. Al-Inkishafi ya Hichens ilitoka London mnamo 1939, na mkusanyiko wa Dammann wa tungo za lahaja ya Lamu ulitoka Hamburg mnamo 1940. Vitabu hivyo viliwafanya wahariri wake kuwa mamlaka katika fani. Kijumwa alibaki kuwa mtu wa tanbihi hadi Mohamed Ibrahim Abou Egl alipoandika tasnifu yake ya udaktari mnamo 1983, na baadaye Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walipotoa mnamo 2010 kitabu kilichobeba jina la Kijumwa mwenyewe. Kutoka 1940 hadi 2010 ni miaka 70.

Kuna watakaosema kwamba Kijumwa alilipwa haki yake, na kwa hivyo hana la kudai. Sisi hatudai kwamba alidhulumiwa ujira. Jambo hilo lahitaji utafiti wa barua kwa barua. Tunachosema ni kwamba malipo yale yalinunua kitu ambacho hakikutajwa. Je, Hichens alinunua karatasi, au mwandiko, au matini, au haki ya kuihariri matini na kuichapa kwa jina lake? Hakuna upande uliolazimika kulijibu swali hilo, na lisipojibiwa humnufaisha yule aliye karibu na mtambo wa chapa.

Mfano wa tatu ni wa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Alikwenda Berlin mnamo 1900 kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, mahali ambapo Carl Velten alikuwa mwalimu. Mnamo 1903 kilitoka Göttingen kitabu Desturi za Wasuaheli, na pia tafsiri yake ya Kijerumani, vyote kwa jina la Velten. Sehemu kubwa ya maandishi ilitoka kwa Mtoro. Wengine nao walichangia. Mtoro alijaribu kurejea nyumbani mnamo 1905 pamoja na mke wake Mjerumani, akazuiwa na serikali ya kikoloni, akarudi Ujerumani na kufia huko mnamo 1927. J. W. T. Allen alipokitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza, tafsiri iliyotoka mnamo 1981 baada ya yeye mwenyewe kufariki, jina la Mtoro liliwekwa katika anwani. Allen hakuhitaji ugunduzi mpya ili kufanya hivyo. Alihitaji tu kuamua kwamba aliyeandika ndiye mwandishi.

Visa hivi vitatu havifanani. Sikujua alikufa kabla ya kitabu kuwapo, Kijumwa alikuwa fundi wa kulipwa, na Mtoro alikuwa mwajiriwa wa chuo. Tunavitaja pamoja kwa sababu ndizo nafasi tatu ambazo mshirika wa Kiafrika angali akizishika katika mradi wa fasihi hivi leo: mtoa habari, mfanyakazi wa mkataba, na mwajiriwa.

Ukurasa Wenyewe Ulikotoka

Ukurasa wa haki za ubunifu haukubuniwa kwa ajili ya fasihi. Nchini Marekani, sheria inayoitwa Bayh-Dole ya 1980 iliviruhusu vyuo vikuu kumiliki uvumbuzi uliopatikana kwa fedha za serikali kuu, na tangu hapo vyuo vikaanzisha ofisi za kushughulikia hataza. Huko Ulaya, mipango ya utafiti ya Jumuiya iliyadai makundi ya watafiti mikataba ya ushirikiano. Mpango wa Saba, uliokuwapo kati ya 2007 na 2013, ulitenganisha mali ambayo mshirika anaingia nayo na mali inayozaliwa na mradi. Mpango uliofuata, wa 2014 hadi 2020, uliiita hiyo ya pili kwa jina la matokeo tu. Tutaziita hapa mali ya awali na mali ya mradi. Ndiyo maana mhakiki wa fasihi hukutana na maswali juu ya uvumbuzi na viwanda, akaona hayamhusu, akaandika "hakuna" na kuendelea.

Wenzetu wa udaktari walikwisha kujifunza gharama ya kuendelea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba nchini Kanada walikuwa wamelifuatilia kwa miaka mingi kundi la wanawake wa Pumwani ambao baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI ijapokuwa walikuwa katika hatari kubwa. Ujuzi huo ukaingia katika chanjo ya majaribio iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Nairobi na Oxford. Mnamo 2000 ikawa habari ya hadharani kwamba ombi la hataza lilikuwa limewasilishwa Uingereza bila Nairobi kutajwa. Baada ya malalamiko makubwa, makubaliano yaliandikwa upya na Nairobi ikapewa sehemu yake. Chanjo yenyewe haikufaulu. Lakini katika vyuo vyetu ni kutokana na visa kama hiki watu walianza kuuliza sera ya haki za ubunifu iko wapi, na swali hilo liliulizwa na madaktari wa tiba, si na idara za fasihi.

Sheria za Kenya na Mwandishi wa Kukodiwa

Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika mnamo 2003 na kuchukua nafasi ya ile ya 1966, ina vifungu viwili ambavyo kila mwanafunzi wa uzamili anayefanya kazi ya uwanjani angepaswa kuvijua kwa moyo. Cha kwanza kinahusu rekodi za sauti. Mwenye hakimiliki ya rekodi si yule aliyeimba au aliyesimulia, bali ni mtu aliyefanya mipango ya kuirekodi. Msimulizi ana haki za mwigizaji, ambazo ni nyingine na ni finyu zaidi. Basi mradi ukigharimiwa na chuo cha ng'ambo, nacho ndicho kilichonunua vinasa sauti na kulipa nauli, upo uwezekano mkubwa kwamba kisheria chuo hicho ndicho mwenye rekodi zote, hata kama kila neno lililomo ni la bibi mmoja wa Faza.

Cha pili ni kifungu cha 31. Kinasema kwamba kazi iliyofanywa kwa kuagizwa, au katika ajira, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji au mwajiri, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine. Tumrejee Kijumwa. Lau angeandika leo Lamu, kwa agizo la mtaalamu wa Ulaya na bila mkataba wa maandishi, sheria ya Kenya huru isingemsaidia. Ingethibitisha kile kilichofanyika mnamo 1936. Maneno "isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine" ndiyo mlango pekee ulioachwa wazi, na mpango wa kusimamia haki katika ombi la fedha ndipo mahali ambapo mlango huo hufunguliwa au hupitwa.

Kijumwa wa leo ni mwanafunzi wa uzamili. Ndiye anayesikiliza kanda saa sita kwa siku, akaandika kila neno, akapambanua lahaja, akaweka vituo, akatoa tafsiri ya kwanza. Hulipwa kwa saa ya kanda au kwa ukurasa. Mtu aliyewahi kunukuu utendi wa mdomo anajua kwamba hiyo si kazi ya kimashine. Kuamua mshororo unaishia wapi ni uhakiki. Lakini katika bajeti huitwa msaidizi, na katika mkataba, ukiwapo, hakuna neno juu ya jina lake. Miaka mitano baadaye hutoka kitabu, naye hushukuriwa katika dibaji pamoja na madereva. Tunawaheshimu madereva, barabara za Tana zinastahili shukrani. Ila shukrani haitoshi pale ambapo kazi ni ya utunzi wa pamoja wa matini.

Kwa upande wa jamii, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 11 ililitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao, na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kiutamaduni ikapitishwa mnamo 2016. Sheria hii inazitambua jamii kuwa ndizo zenye haki, inadai ridhaa yao itolewe mapema na kwa ufahamu, na inaipa serikali ya kaunti wajibu katika usajili. Ni hatua kubwa. Ugumu wake kwetu ni kwamba ngano, methali, nyimbo za vave na za kutoa watoto jandoni ni rahisi kuziita za jamii, lakini utenzi wenye tamati ni wa mtu aliyejitaja. Kuuita utenzi huo "wa jamii ya Waswahili" ni kumfuta mtunzi kwa nia njema. Aliyeandaa mpango asiyejua fasihi atazitia zote katika kapu moja. Hapa ndipo mhakiki anahitajika, wala hapana mwanasheria atakayemfanyia kazi hiyo.

Kuandaa Mpango

Sehemu iliyo muhimu kupita zote ni ile ya mali ya awali, nayo ndiyo hupuuzwa. Katika ombi moja ambalo idara ya mwandishi wa makala haya ilishirikishwa, rasimu ilitufikia kutoka kwa mshirika wa ng'ambo siku mbili kabla ya kipindi kufungwa. Upande wake ulikuwa umeorodhesha hazina ya data, programu ya kompyuta na faharasa. Safu yetu ilikuwa tupu, ingawa mradi mzima ulisimama juu ya kanda zilizokusanywa na wanafunzi wetu kwa miaka na kuhifadhiwa katika makabati ya idara. Tuliijaza usiku huo. Kanda ambayo haikutajwa kuwa mali ya awali, ikishakunakiliwa kidijitali kwa fedha za mradi, hufanana sana na mali ya mradi, na baada ya miaka mitatu hakuna atakayekumbuka ilitoka wapi.

Kwa hiyo idara inayotarajia kuomba fedha haina budi kwanza kuwa na orodha yake: kanda gani, za nani, zilirekodiwa wapi, na kwa ridhaa ipi, miswada gani ni ya asili na ipi ni nakala, tasnifu zipi zina viambatisho vya matini. Allen alitoa mnamo 1970 orodha ya miswada na kanda zilizokuwa katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Idara ngapi za Kenya zina orodha ya namna hiyo hivi leo? Kazi ya kuitengeneza haivutii wala haimpandishi mtu cheo, lakini bila hiyo mshirika huingia katika chumba cha mazungumzo mikono mitupu, akaonekana mpokeaji tu.

Kuhusu rekodi, mpango na useme waziwazi nani ni mfanya mipango kwa maana ya sheria, na kama vyuo viwili vitaimiliki kwa pamoja, useme kama kila kimoja chaweza kuitumia bila kumwomba mwenzake. Umiliki wa pamoja bila kauli hiyo huwa kifungo kwa wote. Msimulizi atajwe kwa jina, ila asipotaka. Tabia ya kuwapa wasimulizi herufi na nambari ilitoka katika sayansi za jamii, ambako hulinda, lakini mshairi aliyeitwa "Mhojiwa wa 7" amefanyiwa kile alichofanyiwa Mtoro. Tafsiri nazo zitengewe kauli yake. Tafsiri ni kazi mpya yenye hakimiliki mpya, na mara nyingi ndiyo itakayouzwa. Na wanukuzi wa kanda waandikiwe, kabla ya kuanza kazi, watatajwa vipi katika chapisho na wataruhusiwa kutumia sehemu gani katika tasnifu zao. Tumeona tasnifu ikikwama kwa sababu matini ambazo mwanafunzi alizinukuu kwa mkono wake zilikuwa zimekuwa mali ya mradi.

Kuhusu wakfu, tunapendekeza neno lenyewe liingizwe katika mpango kama lilivyo, kwa maelezo ya mstari mmoja au miwili, badala ya kulitafutia neno la Kiingereza linalokaribiana nalo. Kisanduku cha mmiliki kiandikwe kwamba hati ni wakfu, inashikwa na fulani, na kwamba kibali kinachotolewa ni cha kusoma na kunakili kwa ajili ya elimu. Wafadhili si watu wasioelewa. Mpango wa British Library wa hifadhi zilizo hatarini, ulioanza mnamo 2004, una sharti kwamba hati za asili zisitoke nchini zilimo na kwamba nakala ziachwe huko huko. Chini ya mpango huo hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha katika mradi ulioongozwa na Anne Bang wa Chuo Kikuu cha Bergen, na hati zenyewe zikabaki Lamu. Mtu akiulinganisha mradi huo na nakala za Kijumwa zilizovuka bahari kwa posta, ataona kwamba sharti moja la mfadhili, likiandikwa mapema, lina nguvu ya kubadili mkondo wa karne nzima.

Lakini nakala kuachwa Lamu ni mwanzo tu. Picha za dijitali zinahitaji mashine ya kuzihifadhi, umeme, na mtu anayejua kuzifungua na kuzihamisha kila teknolojia inapobadilika. Kama mpango wa haki unasema nakala zitakaa Lamu, au Mombasa, au katika maktaba ya idara, basi bajeti haina budi iseme vivyo hivyo kwa shilingi, kwa miaka itakayofuata baada ya mradi kwisha. Katika maombi mengi tuliyobahatika kuyasoma kama watathmini, kurasa hizi mbili zimeandikwa na watu wawili wasiozungumza, na safu ya uhifadhi wa nakala za hapa nchini haina tarakimu.